Picha Zinazotembea: Mazoezi ya Katuni kwa Daftari na Kalamu

KIPINDI CHA VIJANA – MAZUNGUMZO
Muda: dakika 20
Msikilizaji awe na: daftari lililokwisha kutumika, kalamu au penseli, na rula
Kwa viongozi wa vikundi vya wasikilizaji: maswali ya mjadala yako mwishoni

(Muziki wa kufungulia, sekunde 15. Unashuka taratibu chini ya sauti.)

MTANGAZAJI: Mama zetu, baba zetu, vijana wenzangu na wadogo zangu mnaotusikiliza hapa kambini Nyarugusu, karibuni tena katika kipindi chetu. Kama redio ni moja na watu ni wengi, sogeeni karibu. Kama betri inakaribia kuisha, msiwe na wasiwasi, kipindi hiki kitarudiwa.

Leo tunazungumza juu ya katuni. Sisemi zile za kwenye gazeti ambazo zimekaa kimya. Nasema zile zinazotembea, zinazokimbia, zinazoanguka na kuinuka. Wasomi huita kazi hiyo uhuishaji, maana yake kuipa picha uhai. Najua mtu mmoja huko ameshaanza kucheka: "Katuni kwenye redio? Tutaziona wapi?" Ndugu yangu, ngoja kidogo. Mimi nitasema, mkono wako utachora, na jicho lako litaona.

Na kabla hujasema kwamba huna kompyuta, nakuambia kwamba hata mimi sina. Ninachohitaji leo ni daftari lililokwisha. Nasisitiza: lililokwisha. Nina sababu.

(Kimya kifupi.)

Nilipoanza kujifunza mambo haya, nilichukua daftari la hisabati la mdogo wangu wa kike. Lilikuwa na karatasi safi nyingi nyuma, na mimi nilikuwa na haraka. Nilichora usiku mzima kwa tochi ya simu. Asubuhi yeye akaenda shule na daftari limejaa vijitu vyangu hadi mwisho, hana pa kuandika zoezi. Mwalimu alimrudisha nyumbani kutafuta daftari jingine. Ninyi mnajua daftari linapatikanaje hapa. Mama hakunipiga, mimi ni mtu mzima. Alinitazama tu, kisha akauza vikombe viwili vya maharage ili mtoto apate daftari. Siku hiyo tulikula ugali, au bukari kama wengi wetu tunavyosema, kwa mboga tupu.

Kwa hiyo, kanuni ya kwanza ya katuni katika kipindi hiki ni yangu mwenyewe: usichore kwenye karatasi ya mtu anayesoma. Tafuta daftari la mwaka uliopita. Karatasi ikiwa imeandikwa katikati haidhuru. Sisi tunahitaji pembe tu, ile ya chini upande wa kulia, ambako mwandishi huwa hafiki.

(Muziki, sekunde 5.)

MTANGAZAJI: Sasa tuanze. Zoezi la kwanza ni mpira unaodunda. Karibu kila anayejifunza kazi hii duniani huanza na mpira. Mpira hauna uso, hauna mikono, wala nguo. Ukikosea, unaona mara moja umekosea wapi.

Chukua daftari lako. Hesabu karatasi 12 kutoka mwisho. Nasema karatasi, si kurasa. Tutachora upande mmoja tu, ule wa kulia daftari likiwa wazi. Tutaanzia karatasi ya mwisho kabisa, tukirudi mbele. Kwa nini tuanzie nyuma? Kwa sababu ukilaza karatasi inayofuata juu ya picha uliyochora, unaiona kwa chini kidogo, na hapo unajua uchore wapi. Kama karatasi ni nzito huoni, inua daftari mlangoni, jua lipite.

Kwenye kila karatasi, chora mstari wa ardhi, sentimita 1 kutoka ukingo wa chini. Mstari huo usipande wala kushuka, la sivyo ardhi yako itatetemeka.

Sasa mpira. Uwe mdogo kama punje ya harage. Picha ya kwanza, chini ya mpira iwe milimita 36 juu ya ardhi. Narudia, milimita 36, yaani sentimita 3 na milimita 6. Halafu sikiliza vizuri namba hizi, na aliye na kalamu aziandike. Picha ya pili, mpira ushuke milimita 1 tu. Ya tatu, ushuke milimita 3. Ya nne, 5. Ya tano, 7. Ya sita, 9. Ya saba, 11. Narudia: 1, 3, 5, 7, 9, 11. Ukizijumlisha unapata 36, na mpira umegusa ardhi.

Sasa unapanda: milimita 9, kisha 7, kisha 5, kisha 3, kisha 1. Hiyo ni picha ya 12. Haukufika pale ulipoanzia, umefika milimita 25. Ni sawa, kwa maana mpira ukishadunda haurudi juu kama mwanzo.

Umemaliza? Shika daftari kwa mkono wa kushoto. Weka kidole gumba cha kulia kwenye pembe, ziachie karatasi zifyatuke moja moja kutoka nyuma kuja mbele. Tazama.

(Kimya, sekunde 5.)

Je, umeona? Umeanguka, ukadunda!

Mara ya kwanza mimi sikujua namba hizi. Niligawa nafasi sawasawa, milimita 6, milimita 6, milimita 6. Mpira wangu haukuanguka. Ulishuka kama ndoo inayoshushwa kisimani kwa kamba. Nikadhani sijui kuchora. Kumbe mchoro ulikuwa mzuri, nafasi ndiyo iliyokuwa mbaya. Kitu kinachoanguka huanza polepole, kisha kinaongeza mwendo. Kwa hiyo likariri hili: picha zikikaribiana, mwendo ni wa polepole, picha zikiachana, mwendo ni wa haraka. Ukilishika hilo, umeshika nusu ya kazi.

Kuna jambo la pili kwenye mpira huo huo. Rudi kwenye picha ya saba, pale unapogusa ardhi. Ufute, uuchore umebonyea. Halafu picha ya sita na ya nane, uchore umerefuka kidogo kama yai. Lakini angalia: ukiubonyeza kwenda chini, lazima upanuke pembeni. Finyanga donge la bukari mkononi utaelewa. Ukilibonyeza linakuwa pana, lakini bukari halikupungua. Mpira ukibonyea bila kupanuka, mtazamaji ataona umesinyaa. Na usipobonyea kabisa, ataona ni jiwe. Hivyo kwa picha moja tu umemwambia mtu kitu hiki kimetengenezwa kwa nini.

(Muziki, sekunde 5.)

MTANGAZAJI: Zoezi la pili halihitaji karatasi. Wote simameni. Ndiyo, hata mzee uliyekaa kwenye kigoda, kama magoti yanaruhusu. Nyoosha miguu, magoti yasikunje hata kidogo. Sasa ruka juu.

Imeshindikana? Basi ruka kama kawaida. Umeona ulichofanya? Kabla ya kwenda juu, umeshuka kwanza. Anayetaka kurusha jiwe mbele hurudisha mkono nyuma kwanza. Anayetaka kupuliza moto huvuta pumzi kwanza. Katika katuni hii huitwa maandalizi. Ukichora mtu anaruka bila kukunja magoti, mtazamaji hataamini, na pengine hata hataona, kwa sababu jicho lake halikuambiwa kwamba jambo linakuja.

Vilevile baada ya tendo. Mama aliyevaa kitenge akisimama ghafla, mwili unasimama, lakini pindo la kitenge linaendelea mbele kidogo, kisha linarudi. Mkia wa mbuzi unachelewa nyuma ya mbuzi. Kamba ya ndoo inaning'inia bado ikicheza wakati ndoo imeshatulia. Ukichora kila kitu kinasimama kwa pamoja, umechora sanamu.

Mambo haya yana historia. Nchini Marekani, wachoraji wa Walt Disney walikuwa wakiyajaribu tangu miaka ya 1930. Wawili kati yao, Frank Thomas na Ollie Johnston, waliyaandika kitabuni mwaka 1981, wakapata kanuni 12. Leo tunagusa chache tu. Lakini msidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Kule kwetu Kongo kuna Jean-Michel Kibushi, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitengeneza filamu ya katuni kutokana na hadithi ya Watetela, juu ya chura aliyekwenda kwa wakwe zake. Hadithi za namna ile tumezisikia wote kwa bibi zetu, jioni, karibu na moto. Na hapa Tanzania, Dar es Salaam, wanatengeneza Ubongo Kids, katuni za Kiswahili zinazofundisha watoto hesabu na sayansi. Zilianza kuonyeshwa mwaka 2014. Wachoraji wa namna hiyo pia wanaanza na mpira unaodunda.

(Muziki, sekunde 10.)

MTANGAZAJI: Zoezi la tatu ni mtu anayetembea. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo twende polepole.

Usichore mtu mwenye nguo. Chora vijiti: kichwa duara, mwili mstari mmoja, miguu mistari miwili yenye magoti, mikono mistari miwili. Hatua moja ina picha nne za lazima.

Ya kwanza, miguu imepanuka, kisigino cha mbele kinagusa ardhi.

Ya pili, mwili unashuka. Goti la mbele linakunja kidogo, kwa sababu limepokea uzito.

Ya tatu, mguu wa nyuma unapita kando ya ule uliosimama.

Ya nne, mwili unapanda juu, mguu uliosimama unasukuma kwa vidole.

Kisha rudia kwa mguu mwingine, unapata picha 8. Mikono iende kinyume na miguu: mguu wa kulia mbele, mkono wa kushoto mbele. Angalia kichwa: katika picha ya pili kiko chini kuliko zote, katika ya nne kiko juu kuliko zote. Mtu anayetembea hupanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi madogo.

Mimi nilifanya hivyo kwa wiki tatu, kwenye madaftari ya zamani niliyoomba kwa majirani. Nilipoona mtu wangu anatembea vizuri, nikataka kuchora jambo kubwa. Nikataka kuchora siku tuliyotoka nyumbani, Fizi, kwenda ziwani kutafuta boti. Mama alibeba mzigo kichwani na mtoto mgongoni, yule mdogo wangu mwenye daftari la hisabati. Mimi nilikuwa nyuma yao. Miaka yote hii, nikifumba macho naona mgongo wa mama.

Nikachora picha 40. Nikamfyatulia mama. Akatazama, akasema nirudie. Nikarudia. Akasema: "Papa, huyu si mimi. Huyu anakwenda sokoni, hana kitu kichwani."

Nikamwonyesha mzigo, nimeuchora mkubwa. Akasema: "Mzigo nauona. Shingo haiuoni."

Kisha akainuka. Alichukua dumu la lita 20 lililojaa maji, yaani kilo 20, akaliweka kichwani, akatembea kutoka jikoni hadi mlangoni na kurudi. Akaniambia nisitazame dumu, nitazame magoti.

Vijana wenzangu, nilikuwa nimemwona mama akibeba maji kila siku ya maisha yangu, na sikuwa nimeona. Kichwa chake hakikupanda wala kushuka. Kilikwenda mbele tu, kana kwamba kinateleza juu ya mstari. Kazi yote ya kupanda na kushuka ilifanywa na magoti na kiuno. Hatua zilikuwa fupi. Mguu ulikaa chini muda mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Mkono mmoja juu, ule mwingine uko mbali kidogo na mwili, unasawazisha. Na kabla ya kuinua dumu, alisimama, akavuta pumzi, akapanua miguu. Hayo ndiyo maandalizi niliyowaambia.

Nikachora upya. Badala ya picha nne kwa hatua, nikaweka 8, ili mwendo uwe mzito. Kichwa nikakiwekea mstari mmoja wa rula kwenye kila karatasi, kisitoke hapo. Magoti nikayakunja zaidi. Pindo la kitenge lililomfunga mtoto nikaliachia lichelewe nyuma. Ilinichukua siku sita. Nilipomfyatulia mama mara ya pili, hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema: "Sasa ni mzito." Akaniuliza: "Na mtoto analala?" Nikasema ndiyo, analala. Akasema ni kweli, siku ile alilala njia nzima.

Tulikuwa hatujawahi kuizungumzia safari ile nyumbani kwetu. Jioni hiyo tuliizungumza kidogo. Baadaye mama akasema: "Hiyo imetosha. Sasa chora kitu cha kuchekesha." Nikamchora mbuzi wa jirani akiiba mboga.

(Kimya kifupi. Muziki, sekunde 5.)

MTANGAZAJI: Nataka niseme neno kwa wazazi, walimu na wote wanaokaa na watoto. Kuchora safari au vita kunaweza kumfungua mtu, na kunaweza kumuumiza. Msimwambie mtoto achore yaliyompata. Mpeni mpira unaodunda, mpeni mbuzi. Akitaka mwenyewe kuchora jambo zito, kaeni naye karibu, msimkatishe wala msimhoji kama polisi. Mkiona halali usiku, au analia, au amenyamaza siku nyingi, nendeni mkaonane na washauri wa watoto hapa kambini. Si aibu.

Na kwa vijana wenzangu, niseme ukweli. Sikuahidi kazi. Zoezi la leo halitaleta unga kesho, wala halitaharakisha jibu la ombi lako, liwe la kurudi nyumbani au la kwenda nchi nyingine. Na hesabu yake ni ngumu. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde moja. Wachoraji wengi huchora 12, kila moja ikionyeshwa mara mbili. Kwa hiyo dakika moja ya katuni ni michoro 720. Mimi kwa mwaka mmoja na zaidi sijafikisha dakika mbili.

Lakini hapa tunaambiwa "ngoja" mara nyingi sana. Tunangoja mgao, tunangoja orodha, tunangoja jina lisomwe. Siku za kungoja zinapita mtu akiwa na kitu mkononi au akiwa hana. Mimi nimeona afadhali zipite nikijifunza kutazama. Mwendo wa fundi cherehani, mwendo wa mtoto anayekimbia mvua, mwendo wa mzee anayeinuka kitini, vyote viko hapa hapa, na havihitaji umeme wala kibali. Siku ukikutana na kompyuta yenye programu ya katuni, utakuta inakuuliza yale yale: picha zikae karibu au mbali? Uzito uko wapi? Ataanza na nini kabla ya kuruka? Aliyezoea kwa kalamu atakuwa na jibu.

Sasa kazi ya nyumbani. Wiki hii chagua zoezi moja tu. Anayeanza, achore mpira kwa karatasi 12, na namba zetu ni 1, 3, 5, 7, 9, 11 kushuka, kisha 9, 7, 5, 3, 1 kupanda. Aliyeshaweza mpira, achore mtu anayetembea bila mzigo. Aliyeweza vyote, amtafute mtu wa nyumbani mwake anayefanya kazi: anayetwanga, anayechota maji, anayepasua kuni. Amwombe ruhusa kwanza. Amtazame mara kumi kabla ya kuweka mstari mmoja. Halafu amwonyeshe huyo huyo, na akiambiwa "huyu si mimi", asikasirike, aulize kwa nini.

Leteni madaftari yenu kwenye kikundi cha wasikilizaji. Na tafadhali, yawe yaliyokwisha. Mdogo wangu ameniambia niseme hivyo mara mbili, na sasa hivi yuko nje ya dirisha anahakikisha.

Mimi ni mtangazaji wenu. Kaeni salama, tukutane wiki ijayo.

(Muziki wa kufungia unapanda, sekunde 20, unaisha.)

MASWALI YA MJADALA KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Mpira ambao picha zake zina nafasi sawasawa unaonekanaje? Kwa nini?
2. Taja kazi tatu za kila siku hapa kambini. Katika kila moja, mtu anafanya nini kabla ya tendo lenyewe?
3. Mwendo wa mtu aliyebeba maji kichwani unatofautianaje na wa mtu asiyebeba kitu? Mmoja wenu atembee, wengine watazame magoti, kiuno na kichwa.
4. Mtoto akichora jambo linalomhuzunisha, ninyi kama wazazi au ndugu mtafanya nini?
5. Katika mtaa wenu, madaftari ya zamani yanaweza kukusanywa wapi, bila kugusa ya wanafunzi?